Fundi wa Bomba Katika Kijiji cha Handaki

Mwezi uliopita nilistaafu, nikarudisha ufunguo wa stoo, mkanipa saa ya ukutani, na mchungaji akaniombea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baadaye vijana wa karakana mliniuliza swali ambalo nimeulizwa nusu ya maisha yangu: kwa nini mtu aliyekuwa na kazi nzuri katika kampuni kubwa ya Nairobi aliiacha, tena katika miaka ya Hali ya Hatari, akaja kuchimba mitaro Embu. Nikijibu kwa mdomo hukatizwa na chai kabla sijafika mbali. Kwa hiyo nimeketi kuandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara msiuulize. Mambo hayo hayamfundishi mtu kufunga bomba.

Mimi ni Mmeru wa Igembe. Kwetu ni juu kidogo ya Kangeta. Nilifika Nairobi nikiwa kijana ambaye hajawahi kuona maji yakitoka ukutani. Siku ya kwanza kampuni ilinikabidhi kwa Mistri Lalji, Mhindi mzee aliyesimamia karakana. Alinipa bomba refu kunizidi, akaliweka kwenye jiliwa, akanionyesha mara moja jinsi ya kutumia dai, kile chombo cha kukata nyuzi, ile mikato ya skrubu mwishoni mwa bomba. Nikakata. Akaangalia, akachukua msumeno, akakata ile ncha yote na kuitupa.

“Tena,” akasema.

Nikakata tena, naye akaitupa tena. Jioni ile bomba langu lilikuwa limebaki fupi kama penseli.

“Kesho wewe nakuja?” akaniuliza.

“Nakuja, Mistri.”

“Basi wewe tapata kazi. Ile vijana ingine yote narudi nyumbani na kasirika.”

Mistri Lalji alinifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kuzungusha katani ya kuzuia kuvuja kwenye nyuzi kwa kufuata mwendo wa soketi, kile kiungo cha mabomba, ili ikikazwa ijibane badala ya kufumuka. Alinifundisha kulaza sikio kwenye bomba ili nisikie linapovuja kabla ukuta haujalowa. “Maji hapana lala,” alizoea kuniambia. “Wewe nakula, maji natafuta kosa yako. Wewe nasali, maji natafuta kosa yako.” Alipostaafu kurudi kwao alinipa spana yake kubwa ya bomba, ile mnayoniona nayo siku zote, na ambayo wawili kati yenu wameomba niwaachie. Sijaamua.

Nilikaa na kampuni karibu miaka ishirini. Tulifunga hoteli, hospitali za Wazungu, nyumba za mabwana wenye bafu kubwa kuliko nyumba ya mama yangu. Nilikuwa hodari na nilijua hivyo. Sioni haya kuandika jambo hilo, kwa sababu fundi asiyejua kwamba ni hodari huwapotezea wenzake muda.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru tulipewa pasibuku, na mtu asiyekuwa na muhuri unaofaa hakuvuka hata barabara. Msako ulipopita Nairobi, majirani zangu wengi walipakiwa kwenye malori. Mimi niliachwa. Meneja wetu alikwenda mwenyewe kunitoa kwenye foleni, kwa kuwa palikuwa na kambi za askari za kujengwa na askari wanataka kuoga. Ndivyo ilivyokuwa: bomba lilinikomboa, nami nikatumwa Embu kuweka maji katika kambi na katika nyumba za maofisa pale mjini.

Kazi ile ilikuwa nyepesi. Mlima unateremsha maji wenyewe. Unachohitaji ni kuyashika mikono na kuyaongoza. Nakumbuka nyumba ya ofisa mmoja aliyeishi na mkewe na mbwa. Niliwafungia koki jikoni, bafuni, chooni, kwenye bustani, na moja kwenye kibanda cha mbwa.

Wiki hiyohiyo msumeno uliniteleza ukanikata dole gumba. Wenzangu wakaniambia niende kwenye zahanati ya misheni, upande wa Manyatta. Zahanati ilikuwa chumba kimoja cha mabati na ukumbi wa wagonjwa nyuma yake, mbele ya lango la kijiji. Nasema kijiji, lakini ninyi mliozaliwa baadaye msifikirie vijiji mnavyovijua. Watu walikuwa wametolewa mashambani mwao, nyumba zao zikachomwa, wakarundikwa mahali pamoja palipozungukwa na handaki lililojaa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa. Lango lilikuwa moja, na mnara wa hom gadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, ulikuwa juu yake. Lango lilifunguliwa kwa muda mfupi asubuhi, wanawake wakashuka bondeni kuteka maji huku wamelindwa na bunduki, na yeyote aliyechelewa aliyamwaga ili apate kukimbia.

Dresa wa zahanati alikuwa Mwembu aitwaye Ireri, mtu mfupi, msema haraka, aliyefunga kidonda huku akikutazama usoni.

“Ni wewe unayewawekea maji maofisa?”

“Ni mimi.”

“Kutoka kijito kile cha juu?”

“Kile kile.”

“Huko kwa maofisa ni mbali na kijito kuliko hapa?”

Nikafikiri kidogo. “Hapa ni karibu zaidi,” nikasema.

Alimaliza kufunga kidole, akafungua mlango wa nyuma akanionyesha ukumbi. Watoto walikuwa wamelazwa chini kwenye mikeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Walikuwa wanahara damu. Mama mmoja alikuwa ameketi na mkeka mtupu mbele yake. Jina lake Wanjira. Mtoto wake alikuwa amezikwa jana yake, naye alikuwa amerudi kusaidia kuwanywesha wengine kwa kijiko.

“Dawa ninayo,” Ireri akasema. “Nawapa dawa, wanapata nafuu, wanarudi ndani kunywa maji yale yale, kisha wanaletwa tena. Nimekuwa kama mtu anayefuta sakafu na paa linavuja.”

Nilirudi kazini. Kesho yake nilimaliza koki ya mbwa. Niliifungua kuijaribu, maji yakatoka kwa nguvu, mbwa akaja akanywa kidogo akaenda zake. Nilisimama pale nikayatazama yakimwagika kwenye nyasi. Sikulia wala sikupata maono. Nilikaza koki, nikapanga vyombo vyangu, na nilipokuwa nikivifuta mafuta nilijua kwamba hiyo ndiyo koki yangu ya mwisho kwa kampuni.

Meneja alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo cha siku zile. “Wamisheni hawana kitu cha kukupa,” akasema. “Na karatasi inayokulinda ni yetu. Ukitoka hapa wewe ni Mmeru kama Mmeru mwingine.”

“Najua, Bwana.”

“Basi huna akili nzuri,” akasema, akanishika mkono.

Mke wangu Karimi alikuwa nyumbani, karibu na Kangeta. Nilipata kibali cha kwenda kumwona. Nilimkuta akipura maharagwe. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

“Baba Mwiti, umefukuzwa?”

“Sijafukuzwa. Nimeacha.”

Akaendelea kupiga maharagwe. “Watu wanatafuta kazi wakilia, wewe umeacha.” Akapiga tena. “Na hao ni Waembu. Si hata watu wetu.”

“Watoto wao wanakufa, Karimi.”

Nasi tulikuwa tumezika mmoja, kabla ya Mwiti. Akaweka fimbo chini. “Watoto hawa watakula nini?”

“Wamisheni watatupa kidogo. Shamba lipo.”

“Shamba ni mimi,” akasema. “Sema ukweli. Shamba ni mimi na mgongo wangu.”

“Ni wewe.”

“Basi nenda. Lakini usije siku moja kusema Karimi alinituma, wala usiseme Karimi alinikataza. Nimesikia, basi.”

Hakuna aliyefanya kazi hii kwa miaka yote hiyo kumzidi Karimi, na hakupewa saa ya ukutani.

Wamisheni walifurahi kunipata, halafu wakagundua kwamba mafundi huhitaji mabomba. Mchungaji wao alizunguka akiomba, na mabomba makuukuu yakapatikana. Taabu yetu ya kwanza ikawa kibali. Nyakati zile bomba la nusu inchi lilikuwa kitu cha hatari kuliko panga, kwa sababu watu wa msituni walilitumia kutengeneza mitutu ya bunduki. Mtu akikutwa nalo mkononi angeweza kunyongwa. D.O., ofisa Mzungu wa tarafa, alinitazama kwa muda nilipotaja kazi yangu.

“Mmeru, fundi wa bomba, hana mwajiri wa kueleweka, anataka kupitisha mabomba ukingoni mwa msitu,” akasema. “Ungekuwa mimi ungefanyaje?”

“Ningekataa, Bwana,” nikajibu. “Halafu ningekwenda zahanati kutazama.”

Alikwenda. Hilo nampa. Alirudi uso umebadilika, akatoa kibali chenye masharti: kutoka kijito hadi tangi, mabomba manene tu, ambayo hayawezi kuwa mtutu. Vipande vichache vya nusu inchi vya kufikisha maji kwenye koki vikae ndani ya ngome ya gadi mpaka siku vitakapohitajika.

Mkuu wa gadi hao alikuwa Nyaga, mtu wa pale pale, mwenye koti la kijeshi na mashaka yasiyoisha. Waume wengi wa kijiji walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo wachimbaji walikuwa wanawake. Tayari walikuwa wakichimbishwa barabara na mahandaki ya serikali kila asubuhi. Niliogopa watanichukia kwa kuwaongezea mtaro mwingine. Wanjira ndiye aliyewaambia: “Huu ni wa kwetu. Chimbeni kama mnachimba wa kwetu.” Na walichimba wakiimba, jambo ambalo kwenye barabara hawakulifanya.

Wanjira nilimpa spana siku ya tatu, kwa sababu alikuwa ameitazama siku mbili. Nilimkatisha nyuzi kama Mistri Lalji alivyonikatisha mimi. Nilipotupa ncha yake ya kwanza alinitazama hivi kwamba niliamua ya pili nimweleze kosa kabla ya kuitupa. Nyinyi mnaofundisha wengine, mlijue hilo: Mistri alifundisha vijana wenye chakula. Mwanafunzi wangu alikuwa hajala tangu jana. Hata hivyo alipata mkono upesi, na kabla hatujafika nusu ya mteremko wanawake wengine walikuwa wakimwita yeye “fundi” na mimi “mgeni”.

Tulijenga tangi la mawe ndani ya kijiji. Zikabaki koki tu: mbili za kijiji, na ya tatu ya ngome, ambayo Nyaga aliisisitiza kuliko zote. Asubuhi tuliyopanga kumaliza, alitoka ngomeni akipiga kelele. Kipande kimoja cha nusu inchi hakikuwepo.

Lango likafungwa. Watu wote walitolewa nje wakakalishwa chini, mikono kichwani. Vibanda vikapekuliwa, unga ukamwagwa, vitanda vikapinduliwa. Hakikuonekana. Nyaga akasimama mbele ya kundi la Wanjira, wale walioingia ngomeni jana yake kufagia.

“Hawa wanakwenda kambi ya mahojiano,” akasema. “Leo. Na hayo maji hayafunguliwi mpaka bomba lirudi.”

Kila mtu alijua kambi ile. Wengine walirudi kutoka huko wakiwa hawajui majina ya watoto wao. Wanjira hakulia. Aliinua uso akanitazama, nami nikaona kwamba hatarajii kitu chochote kutoka kwangu. Hilo lilinichoma kuliko kama angeomba.

Nikasimama. “Mzee Nyaga,” nikasema, “kibali kina jina la nani?”

“Lako.”

“Basi bomba ni langu. Likipotea limenipotea mimi. Nifunge mimi. D.O. akija utampa mtu mmoja mwenye jina na pasibuku. Wanawake hawa utamweleza nini? Kwamba waliiba ndani ya ngome yako, gadi wako wakiwa macho?”

Akafikiri. Nilimwona akifikiri. Aliyekuwa na mashaka na watu wote alikuwa na mashaka na D.O. pia.

“Utafungwa,” akasema.

“Nifunge. Lakini waache wamalize kazi.”

“Wanawake? Wafunge koki?”

“Bomba lote hilo wamefunga wao. Mimi nilikuwa nanyoosha kidole.”

Nyaga akawaruhusu, nami nikafungiwa kwenye chumba cha udongo cha ngome, ambacho ukuta wake mmoja ulielekea kijijini. Niliketi gizani na, kwa mara ya kwanza tangu niache kampuni, nikaogopa sawasawa. Nilimfikiria Karimi na maharagwe yake. Nilifikiria maneno ya meneja kuhusu karatasi. Wakati huo nikasikia kitu nilichokijua: sauti ya spana ikiuma bomba. Ikakaza, ikapumzika, ikakaza tena. Haikuwa na haraka.

Jua lilipokuwa karibu kutua, mtu akagonga ukuta.

“Fundi!” Alikuwa Wanjira. “Tumefungua kule juu. Tangi limejaa, lakini kwenye koki maji hayaji. Bomba linakohoa tu.”

“Linakohoa vipi?”

“Kama mzee wa kifua.”

“Ni hewa iliyonaswa. Fungua koki zote, ziache wazi. Liache likohoe. Usiguse kitu.”

“Tusiguse?”

“Usiguse!”

Nikalaza sikio kwenye ukuta kana kwamba udongo ni chuma. Nikasikia mwanamke mmoja akisema yamekataa, na mwingine akimwambia anyamaze. Kisha bomba likatema, likatema tena, na maji yakaja. Msinitake niwaeleze sauti ile, mmeisikia wenyewe mahali pengi. Lakini hamjaisikia mkiwa mmefungiwa. Wanawake walipiga vigelegele hata gadi wa mnarani wakakimbilia bunduki zao.

Nililala pale siku kadhaa. D.O. alikuja akaniuliza swali moja kwa namna nyingi, nami nikalijibu kwa namna moja, maana sikuwa na jingine: sikulichukua, na sikujua aliyelichukua. Akampigia simu meneja wangu wa zamani. Nilikuja kuambiwa kwamba meneja alisema, “Kama mtu huyo angetaka kuiba mabomba, angeiba hapa, ambako tunayo mengi.” Nikaachiliwa. Kipande kile hakikuonekana kamwe. Miaka mingi baada ya uhuru watu walikuwa wakinikonyeza na kuniuliza, wakitaka kunipongeza kwa kulipeleka msituni. Jibu langu ni lile lile.

Nilipotoka nikakagua kazi. Koki mbili za kijiji zilisimama wima, katani imekaa vizuri, hakuna tone. Kwa kuwa kipande kimoja kilipungua, koki ya tatu ilikuwa haiwezekani.

“Na ya ngome?” nikamuuliza Wanjira.

“Bomba halikutosha,” akasema, uso umetulia kabisa. “Ikabidi tuchague.”

Kwa hiyo mkuu wa gadi alikuwa akimtuma mtu wake kupanga foleni nyuma ya wanawake, na walimwacha apange. Ireri alinipeleka ukumbini mwa zahanati mwezi uliofuata. Mikeka ilikuwa imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Hakunishukuru. Aliniuliza lini nitakwenda kijiji cha pili, kwa sababu dresa wa huko alikuwa rafiki yake.

Nilikwenda cha pili, na cha tatu, kisha ng'ambo ya Meru, kisha chini Mbeere ambako mlima hausaidii kitu na inabidi uyafuate maji ardhini. Ya huko mnayajua, wengi wenu mlikuwepo na mlilalamika kuhusu joto.

Lakini nitaje jambo moja la mwisho wa Hali ya Hatari. Malango yalipofunguliwa na watu wakaruhusiwa kurudi mashambani mwao, nilikwenda Manyatta kuaga kazi yangu. Nilikuta vibanda vimebomolewa, kila familia inabeba nguzo na mabati yake kupanda mgongo wa kilima. Handaki lilikuwa linafukiwa, bila kusimamiwa na mtu yeyote. Katikati ya uwanja mtupu zilisimama koki zangu mbili.

Nakiri ziliniuma. Nikamwambia Wanjira, “Kazi yote ile! Si mngejenga hapa hapa karibu na maji? Serikali sasa haiwalazimishi kitu.”

Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, wa kuzaliwa baada ya mumewe kurudi kutoka kizuizini. Akanitazama kama nilivyomtazama siku aliyokata nyuzi za kwanza.

“Maji tunayataka, Fundi,” akasema. “Kijiji hatukitaki.”

Kisha akaonyesha nyuma yake. Wanawake walikuwa wakija kwa mstari na majembe, na mbele ya mstari walikuwa wanaume ambao sikuwahi kuwaona, waliokuwa hawapo tulipochimba. Walishaanza kufukua bomba kule juu. Walitaka kulilaza upya kufuata mgongo wa kilima, shamba kwa shamba, hadi nyumba ya mwisho.

Nilivua koti nikaingia mtaroni. Tulilitoa bomba lote, soketi kwa soketi, na kila nilipofungua kiungo nilikuta katani yake bado kavu, haijapitisha hata tone.